Askofu Steere na Lugha Yetu



Mtu akipita Kariakoo asubuhi humsikia Mzaramo akiuziana na Mchaga, na Mmakonde akibishana bei na Mpemba, wote kwa lugha moja. Hata jina la Kariakoo asili yake ni la Kiingereza, la kikosi cha wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, nalo likapita vinywani mwa watu mpaka likawa letu. Tumezoea neema hii, wala hatuulizi ni akina nani walioihangaikia lugha hii hata ikaingia katika vitabu vya chapa. Leo twapenda kumkumbuka mmoja wao, Askofu Edward Steere wa Unguja.

Alizaliwa London tarehe 4 Mei 1828. Alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha London, akapata udaktari wa sheria mwaka 1850. Lakini moyo wake haukutulia katika kazi ya mahakama, na mwaka 1856 aliwekwa shemasi. Rafiki yake Tozer alipofanywa Askofu wa Misheni ya Vyuo Vikuu mwaka 1863, Steere aliandamana naye kuja Afrika, akidhani atakaa muda mfupi tu. Walijaribu kwanza upande wa mto Shire, kisha wakahamia Unguja mwezi wa Agosti 1864.

Sayyid Majid, ambaye katika miaka hiyohiyo alianza kuujenga mji wetu wa Dar es Salaam, aliwapa wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Wengine wakafuata, waliookolewa baharini na manowari za Waingereza. Walikuwa watoto wa Kiyao, wa Kinyasa, wa Kimakua na wa makabila mengine, walionyang'anywa mama, nyumba na lugha. Watawafundishaje, nao hawaelewani hata wao kwa wao? Steere akaona kwamba Kiswahili ndicho kitakachowakusanya, naye hakijui.

Basi daktari huyu wa sheria, mtu wa miaka thelathini na sita, akarudi kuwa mwanafunzi. Aliketi na wenyeji wa mji, akawauliza maana ya kila neno, akaandika, akarudi kuuliza tena. Kati ya waliomsaidia alikuwamo Sheikh Abdulaziz al-Amawi, mzaliwa wa Barawa na kadhi wa Unguja, aliyemfasiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili safi. Sheikh alibaki na dini yake na Steere na yake, lakini hilo halikuwazuia kuketi pamoja juu ya kitabu kimoja. Sisi tunaoishi Kariakoo na Ilala, msikiti huku na kanisa kule, tunajua thamani ya jambo hilo.

Steere alitaka pia hadithi, maana katika hadithi ndimo lugha inamoishi. Wenyeji walimsimulia, naye akaandika kama walivyotamka. Mwaka 1867 baadhi ya hadithi hizo zilipigwa chapa palepale Unguja kwa mtambo wa misheni. Vijana waliotoka utumwani walifundishwa kazi hiyo ya chapa, wakapanga herufi kwa mikono yao. Mwaka 1870 vilitoka London vitabu viwili vikubwa: kimoja cha sarufi na maneno, cha pili cha hadithi, Kiswahili ukurasa huu na Kiingereza ukurasa wa pili. Humo wamo Sultani Darai, Goso mwalimu, punda wa dobi, na habari za Liongo shujaa. Wakati ule Wazungu wengi walidhani Mwafrika hana fasihi, na kitabu hiki kiliwajibu. Tena alikusanya maneno ya Kisambaa, Kiyao, Kimakonde na Kinyamwezi.

Mwaka 1874 aliwekwa Askofu. Mahali palipokuwa soko la watumwa, Mkunazini, soko lililofungwa mwaka 1873, alisimamia ujenzi wa kanisa kuu la mawe. Mwaka 1876 alipeleka watumwa walioachwa huru kuelekea makwao kusini, na safari ile ndiyo iliyoanzisha Masasi. Mwaka 1879 John Swedi, mmoja wa wale wavulana watano, aliwekwa shemasi. Askofu alifariki Unguja tarehe 27 Agosti 1882, akazikwa nyuma ya altare ya kanisa alilolijenga. Biblia nzima, aliyoifanyia kazi kubwa, ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1890.

Tusiseme kwamba Steere ndiye aliyekipa Waswahili Kiswahili. Washairi wa pwani walikuwa wakiandika tenzi kwa herufi za Kiarabu tangu zamani sana kabla yake. Wala watu wa Mombasa na Lamu hawakufurahi wote Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu mwaka 1928. Lakini vitabu vyake viliitengeneza njia, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilianza kazi yake hapahapa Dar es Salaam. Mwaka 1964 kazi hiyo iliingia katika Chuo Kikuu chetu kwa jina la Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili.

Tunajiuliza basi: je, sisi twahifadhi nini? Wapo wazee katika nyumba za Kariakoo, Gerezani na Ilala wanaojua hadithi, nyimbo za jando, na asili ya majina ya mitaa yetu. Kila tunapotoka makaburini tumezika na kitabu ambacho hakikupata kuandikwa. Mgeni alivuka bahari akaketi miguuni pa wazee wetu. Kwetu sisi safari ni ya kuvuka ua tu. Tununue daftari, tuwape vijana wetu kalamu, na Jumapili baada ya ibada tumwendee bibi au babu, tumwombe aanze: Paukwa! Nasi tumwitikie, Pakawa, tukiandika.