Mbaraka Mwinshehe na Haki ya Mpiga Gitaa

Wakazi wa Kariakoo waliokuwa vijana katika miaka ya sitini na sabini hawahitaji kukumbushwa jina la marehemu Mbaraka Mwinshehe Mwaruka. Siku hizo neno jazz, katika majina ya bendi zetu, halikuwa na maana ya muziki wa Marekani, bali bendi ya dansi yenye magitaa, saksafoni na ngoma. Dar es Salaam ilikuwa na Dar es Salaam Jazz, Western Jazz na Kilwa Jazz. Lakini mpiga gitaa aliyeutikisa mji huo alitoka Morogoro.

Alizaliwa mwaka 1944, mwaka ule ule ilipoanzishwa Morogoro Jazz, bendi aliyojiunga nayo katikati ya miaka ya sitini. Akawa mtunzi, mwimbaji na mpiga solo kwa wakati mmoja. Gitaa lake la umeme lilijibizana na sauti yake kana kwamba waliokuwa wakiimba ni watu wawili. Wapenzi wake walimpa jina la Soloist National. Mwaka 1970 bendi yake ilikwenda Osaka, Japani, wakati wa Maonyesho ya Dunia. Mwaka 1973 alitoka, akaunda Super Volcano. Januari 1979 ajali ya gari mjini Mombasa ilikatisha maisha yake, akiwa na umri wa miaka 34 tu.

Maisha hayo yana funzo. Katika zama zile gitaa la umeme na vipaza sauti vyake lilikuwa mali adimu, na aghalabu mwenye vyombo alikuwa klabu, shirika au tajiri, si mwanamuziki. Aliyehama bendi aliondoka na vidole vyake, akaliacha gitaa ukutani. Jambo hili si geni Visiwani, ambako vyama vya taarabu tangu Ikhwani Safaa, kilichoundwa mwaka 1905, vimekuwa ndivyo vyenye vyombo.

Rekodi nazo hazikuwa mikononi mwa mpigaji. Radio Tanzania ilirekodi nyimbo na kuzitangaza nchi nzima. Na kwa kuwa nchi haikuwa na kiwanda cha santuri, bendi zilikwenda Nairobi, ambako wimbo wa Mbaraka uitwao Shida uliuzwa kwa wingi. Baadaye zikaja kanda, zikanakiliwa na kuuzwa vichochoroni Kariakoo, bila mtunzi kuulizwa.

Leo sheria zipo. Tanzania Bara ilitunga Sheria ya Hakimiliki mwaka 1999, na Zanzibar mwaka 2003. Lakini sheria haiwezi kumlipa mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote. Kwa hiyo hatuna budi kuwahimiza viongozi wanaohusika na utamaduni na utangazaji, Bara na Visiwani, kwamba kila wimbo wa zamani uliomo katika hifadhi zetu uandikiwe nani aliutunga, nani aliuimba na nani alipiga gitaa. Wazee wanaoweza kuzitambua sauti hizo wanapungua kila mwaka, na wakishaondoka hakuna ofisi itakayoweza kuifanya kazi hiyo.

Kumsifu Mbaraka ni rahisi. Heshima iliyo kamili ni kuhakikisha kwamba kila wimbo wake unapopigwa, warithi wake wanapata chao.