Bishnu Ghosh: Bingwa aliyeoanisha yoga na vyuma vya uzani

WAKAZI wa Garsen na vijiji vinavyoandama Mto Tana hadi Kipini wanalijua vyema jina la Fumo Liyongo, pandikizi la mtu ambaye kaburi lake husemekana liko Ozi. Masimulizi yanaeleza kwamba alipofungwa gerezani, nguvu zake pekee hazikumwokoa. Alituliza akili, akatunga wimbo wa kumfikishia mamake ujumbe, naye akaletewa tupa iliyofichwa ndani ya mkate.

Ng'ambo ya bahari ile ile inayopokea maji ya Tana, mtu mwingine aliyatumia maisha yake yote kufundisha kwamba nguvu na utulivu ni ndugu. Huyo ni Bishnu Charan Ghosh wa Calcutta, India.

Ghosh alizaliwa mwaka wa 1903 mjini Lahore, ambao leo uko Pakistan. Babake alikuwa afisa wa reli. Mamake alifariki yeye angali mtoto mchanga. Kakake mkubwa ndiye aliyekuja kujulikana duniani kama Paramahansa Yogananda, mwalimu wa yoga aliyekwenda Marekani mwaka wa 1920. Bishnu alisoma katika shule ya kaka huyo mjini Ranchi, na huko akaonja yoga mapema.

Enzi hizo Waingereza waliotawala Bengal waliwadharau wenyeji kuwa watu dhaifu, wa kalamu na karatasi tu. Dharau hiyo iliwachoma vijana wengi. Mtunisha misuli mashuhuri Eugen Sandow alipozuru India mwaka wa 1905, aliwachochea zaidi kunyanyua vyuma. Yoga, kwa upande mwingine, wengi waliiona kuwa shughuli ya watawa.

Ghosh alikataa kuchagua upande. Akiwa mwanafunzi Calcutta alifunzwa kunyanyua uzani, na mwaka wa 1923, akiwa na umri wa miaka 20 hivi, alifungua chuo chake cha mazoezi ya viungo mjini humo. Humo vyuma na mikao ya yoga vilikaa chini ya paa moja.

Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Chuma huujenga msuli kwa kuutwika mzigo. Yoga huunyoosha, hulegeza viungo na kuitawala pumzi. Daraja kati ya hivyo viwili lilikuwa ustadi wa kuuamrisha msuli mmoja mmoja ukaze au ulegee, sawa na jinsi mwanayoga anavyoizungusha misuli ya tumbo lake apendavyo. Mwaka wa 1930 alichapisha kitabu kuhusu ustadi huo pamoja na mwanafunzi wake, Keshub Sen Gupta.

Mwaka wa 1939 alikuwa Marekani na mwanafunzi wake Buddha Bose, wakiwaonyesha wageni kazi hiyo. Mwanafunzi mwingine, Monotosh Roy, alishinda taji la Mr Universe katika kundi lake mwaka wa 1951. Wanawake hawakuachwa nyuma: Reba Rakshit alistaajabisha watazamaji kwa kustahimili uzito wa ndovu aliyepita juu ya kifua chake.

Maonyesho hayo yalivuta umati, lakini nyuma yake kulikuwa na kazi ya kimyakimya. Waliofika chuoni wakiwa na maradhi walipangiwa mikao, kila mmoja kulingana na hali yake. Hapo Ghosh aliwafaa hata wale ambao kamwe wasingenyanyua chuma.

Ghosh alifariki mwaka wa 1970, na mwanawe akaendeleza chuo. Kijana wa Garsen anayenyanyua mkebe uliojazwa saruji huenda hajawahi kulisikia jina lake. Hata hivyo, akiuweka mzigo chini, akajinyoosha na kuvuta pumzi taratibu, atakuwa amefuata nusu ya pili ya somo lake, ile ambayo wapenda nguvu wengi huisahau.