Cornforth na Taka za Mkonge

Asimamaye Irente, karibu na mji wa Lushoto, huona chini ya milima ya Usambara mashamba ya mkonge yaliyotanda katika uwanda wa Mazinde. Katika jani la mkonge, singa ni sehemu ndogo tu. Kubwa hubaki taka. Leo twamkumbuka marehemu John Cornforth, mkemia aliyeshiriki kuzitafutia taka hizo thamani.

Alizaliwa Sydney, Australia, mwaka 1917. Uziwi ulimwanza utotoni, na kufikia umri wa miaka 20 hakusikia tena. Chuoni hakuisikia mihadhara, akajifunza vitabuni. Mwaka 1939 alikwenda Oxford, Uingereza, pamoja na Rita Harradence, mkemia mwenzake, aliyemwoa mwaka 1941. Mwaka 1951 yeye na wenzake walitangaza kuwa taka za mkonge zatoa hekojenini, mali ghafi ya kutengenezea kotisoni, dawa ya baridi yabisi. Kisha, pamoja na George Popják, alifuatilia hatua kwa hatua jinsi mwili unavyojenga kolesteroli. Mwaka 1975 alipewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya kemia. Alifariki mwaka 2013.

Mtu wa Visiwani hatupi makumbi ya nazi, kwani ajua ndani yake mna kamba. Basi tunawauliza wakuu wa elimu: mtoto kiziwi wa Lushoto, au wa Pemba, amefikishiwa vitabu, au naye amehesabiwa taka? Hapana budi swali hili lijibiwe kwa vitendo.