JEMADARI ALIYERUDI SHAMBANI

Huenda baadhi ya wasomaji wetu walisikia shuleni kisa cha mtoto George Washington, aliyepewa shoka dogo akaukata mti wa matunda wa baba yake, kisha alipoulizwa akaungama kosa bila kusema uongo. Kisa hicho ni kitamu, na wazazi wengi wamekitumia kuwafunza watoto wao. Lakini si cha kweli. Kilitungwa na mchungaji mmoja muuza vitabu, Mason Weems, baada ya Washington mwenyewe kufa. Twakitaja mwanzoni ili tukiweke kando. Mtu aliyeongoza vita vya miaka minane dhidi ya dola iliyotawala bahari hana haja ya kupambwa kwa hadithi za kubuni, wala hatumtendei haki tukimfanya malaika. Maisha yake yenyewe, mema yake na mabaya yake, yatosha kabisa kutufikirisha.

Alizaliwa tarehe 22 Februari 1732 katika Virginia, mojawapo ya makoloni 13 ya Waingereza kwenye pwani ya mashariki ya Amerika ya Kaskazini. Watu wake walikuwa walowezi wa asili ya Kiingereza, waliolima tumbaku kwa jasho la watumwa Waafrika. Baba yake alifariki mwaka 1743, naye George alikuwa na umri wa miaka 11 tu. Katika urithi alioupata walikuwamo watumwa kumi. Twamwomba msomaji alishike jambo hilo, maana tutalirudia.

Shule hakuipata kwa wingi. Alijifunza kazi ya kupima ardhi, akazoea farasi, baridi na kulala porini. Mwaka 1751 alimsindikiza kaka yake wa baba mmoja, aliyekuwa mgonjwa, hadi kisiwa cha Barbados, na huko akashikwa na ndui. Alipona, akabaki na makovu usoni. Kisha akaingia katika askari wa koloni lake na kupigana upande wa Mfalme wa Uingereza dhidi ya Wafaransa. Mwaka 1754 alizingirwa ngomeni akalazimika kusalimu amri. Mwaka uliofuata, jeshi la Jenerali Braddock lilipovunjwa msituni, farasi wawili waliuawa chini yake na koti lake likatobolewa na risasi nne, lakini yeye hakupata hata mkwaruzo. Alitamani sana cheo katika jeshi la Mfalme lenyewe. Hakukipata, kwa kuwa maofisa wa makoloni walihesabiwa kuwa chini ya wale waliotoka Uingereza. Twadhani uchungu huo haukumtoka moyoni. Mwaka 1759 alimwoa Martha Custis, mjane tajiri mwenye watoto wawili, akakaa kwa amani katika shamba lake la Mount Vernon. Wao wenyewe hawakujaliwa mtoto.

Vita vile na Wafaransa viliiachia Uingereza deni kubwa, na Bunge la London likaona ni haki walowezi walipe sehemu yake. Ndipo zikaja kodi, moja baada ya nyingine: ya stempu mwaka 1765, halafu ushuru wa chai ambao mwaka 1773 uliwafanya watu wa Boston waitupe chai baharini. Walowezi hawakuwa na mjumbe hata mmoja katika Bunge hilo, nao walisema ya kuwa Mwingereza hatozwi kodi asiyoikubali kwa kinywa cha mjumbe wake. Mwezi wa Aprili 1775 damu ilimwagika katika vijiji vya Lexington na Concord. Mwezi wa Juni, wajumbe wa makoloni waliokutanika Philadelphia walimchagua Washington awe jemadari mkuu. Alikataa mshahara, aliomba arudishiwe gharama zake tu, na hesabu ya gharama hizo akaiandika kwa mkono wake mwenyewe mpaka mwisho.

Jeshi alilokabidhiwa lilikuwa la wakulima na mafundi waliojiandikisha kwa miezi michache, na siku zao zilipokwisha walichukua mabunduki yao wakaenda zao. Baruti ilikuwa haba. Mtu wa koloni moja hakupenda kuamriwa na mtu wa koloni lingine. Tena yalikuwamo mambo ya chuki ya dini, ambayo sisi Wakatoliki hatuwezi kuyapita kimya. Katika miji ya kaskazini ilikuwa desturi kila tarehe 5 Novemba kubeba sanamu ya Baba Mtakatifu barabarani kwa dhihaka na kuichoma moto. Katika Maryland, koloni iliyoanzishwa na familia ya Kikatoliki, sheria ziliwanyima Wakatoliki kura na vyeo vya serikali. Siku hiyo ya Novemba mwaka 1775, jeshi lilipokuwa limeuzunguka mji wa Boston, Washington alitoa amri kupiga marufuku mchezo ule wa sanamu, akaushangaa upumbavu wa watu wanaotafuta urafiki wa Wakatoliki wa Kanada huku wakiitukana dini yao. Kweli alisukumwa na hesabu za vita; lakini amri ilitolewa, ikafuatwa. Mwaka uliofuata Charles Carroll, Mkatoliki wa Maryland ambaye sheria za zamani zilimzuia kushika cheo chochote, alitia sahihi yake katika Azimio la Uhuru. Wakatoliki wengine hawakuwamo kati ya watia sahihi.

Azimio lilipitishwa tarehe 4 Julai 1776, na mara baada yake yakaja mashaka. Mwezi wa Agosti Waingereza walimshinda Washington vibaya katika Long Island, wakambana ukingoni mwa mto mpana. Usiku wa tarehe 29 aliwavusha askari wake wapatao 9,000 kwa mashua, kimya kimya, na kulipopambazuka ukungu mzito uliwafunika wa mwisho waliosalia. Wasemao kwamba ukungu ule ulikuwa mkono wa Mungu hatutabishana nao. Hata hivyo mji wa New York ulipotea, jeshi likarudi nyuma na kuyeyuka siku hata siku. Usiku wa Krismasi, askari wapatao 2,400 tu waliivuka Delaware katikati ya barafu, wakawashambulia alfajiri askari wa Kijerumani waliokodiwa na Mfalme katika mji wa Trenton, wakawateka karibu 900. Ushindi huo ulikuwa mdogo kwa kipimo cha vita vya mataifa, lakini ulizuia jeshi lisife.

Hapo ndipo penye siri ya mtu huyu. Katika vita alishindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda, na majemadari wa Kiingereza aliopambana nao walikuwa hodari kumpita kwa elimu ya vita. Lakini aligundua jambo moja, na kulishika: maadamu jeshi lipo, vita havijakwisha. Mfalme angeweza kuchukua mji huu na mji ule, wala asiweze kuikalia nchi nzima. Naye kila mwaka ilimpasa kuleta watu na chakula kuvuka bahari kuu. Basi kazi ya jemadari ikawa kulinda jeshi lisitawanyike, kazi isiyo na sifa wala ngoma.

Ndui ilikuwa ikiwaua askari wengi kuliko risasi. Mwanzoni mwa 1777 Washington, ambaye makovu ya Barbados yalimkinga, aliamuru askari wote waambukizwe ndui kidogo kwa makusudi, kwa njia iliyotumika wakati ule kabla ya chanjo ya leo, ili waugue kidogo na kupona. Ilikuwa hatari, maana kama adui angejua angewakuta kitandani. Twadhani amri hiyo ilifaa kuliko mapigano mengi yaliyoimbwa. Kisha likaja pigo la Valley Forge. Waingereza walikuwa wameuchukua mji wa Philadelphia, nao askari wa Washington, watu kama 11,000, walijenga vibanda vya magogo wakakaa humo tangu Desemba 1777 hadi Juni 1778. Nguo zilikosekana, wengine walikuwa miguu mitupu, na siku nyingine hapakuwa na nyama hata kidogo. Tusidhani kwamba nchi haikuwa na chakula. Wakulima wa jirani walipendelea kuwauzia Waingereza, waliolipa kwa fedha ya kweli, kuliko kupokea noti za Bunge zisizo na thamani. Karibu watu 2,000 walikufa kwa maradhi. Waliosalia walifundishwa kwata na ofisa mmoja wa Prussia, von Steuben, nao wakatoka humo wakiwa jeshi.

Mwezi wa Februari 1778 Ufaransa ilitia sahihi mkataba wa kuwasaidia. Lakini vita viliendelea miaka mingine, na askari hawakulipwa. Mwezi wa Januari 1781 vikosi viwili viliasi kwa ajili ya njaa na mshahara. Maasi ya pili Washington aliyazima kwa ukali, viongozi wawili wakapigwa risasi na wenzao kwa amri. Ukweli huo nao ni sehemu ya uhuru wa nchi ile. Mwishowe, tarehe 19 Oktoba 1781, Jenerali Cornwallis alijisalimisha Yorktown, jeshi la Rochambeau na la Washington likiwa limemzunguka kwa nchi kavu, na manowari za de Grasse zikimfungia njia ya bahari. Bila Wafaransa siku hiyo isingalikuwapo.

Amani ilichukua miaka miwili kuandikwa, na hapo ndipo hatari kubwa ilipojitokeza. Mwezi wa Machi 1783, katika kambi ya Newburgh, maofisa waliochoka kudai mishahara walipitishiana barua isiyo na jina, ya kuwashawishi wakatae kuweka silaha chini mpaka Bunge liwalipe. Wakaitana mkutanoni. Washington aliingia bila kutazamiwa, akasoma hotuba aliyoiandaa, na nyuso zao hazikulainika. Kisha akatoa barua ya mjumbe mmoja wa Bunge awasomee, akasitasita, akaingiza mkono mfukoni akatoa miwani. Wengi hawakuwahi kumwona ameivaa. Akawaomba radhi, akieleza kwamba ameota mvi katika kuwatumikia na sasa anaona anapofuka. Wazee wa vita wakatokwa na machozi, na shauri la uasi likafa palepale. Madai yao yalikuwa ya haki. Lakini jeshi lililolitisha Bunge lake mara moja lingalizoea.

Mkataba ulitiwa sahihi Paris tarehe 3 Septemba 1783. Wengi Ulaya walingoja waone jemadari huyu atafanya nini, kwa kuwa katika Uingereza yenyewe Cromwell, baada ya kumpindua mfalme, alikuwa amelifukuza Bunge kwa askari na kutawala peke yake. Tarehe 23 Desemba, katika mji wa Annapolis, Washington alisimama mbele ya wajumbe wachache wa Bunge maskini lisilo na fedha, akawarudishia hati ya ujemadari waliyompa. Mkono ulioishika karatasi ulikuwa ukitetemeka. Siku ya mkesha wa Krismasi alifika nyumbani, mahali ambapo katika miaka yote ya vita alipaona tu njiani kwenda Yorktown na kurudi. Baadaye walimwita tena, akawa Rais wa kwanza tangu 1789 hata 1797, na baada ya vipindi viwili akaondoka kwa hiari yake. Hayo yaandikwa kila mahali.

Lakini tuliahidi kurudi kwenye wale watumwa kumi. Walipofika mwaka 1799 Mount Vernon ilikuwa na watumwa 317. Kati yao 123 walikuwa mali yake, na wengi wa waliobaki walikuwa wa urithi wa marehemu mume wa kwanza wa Martha. Mtu aliyeona ni utumwa Waingereza kumtoza kodi bila idhini yake alikula jasho la watu wasiolipwa kitu. Waafrika wapatao 5,000 walipigana upande wa makoloni, na wengi kuliko hao walikimbilia kwa Waingereza, walioahidi uhuru. Vita vilipokwisha, Washington mwenyewe alimdai Jenerali Carleton awarudishe watoro hao kwa mabwana zao, Carleton alikataa. Alipokuwa Rais na kukaa Philadelphia, sheria ya Pennsylvania ilimpa uhuru mtumwa aliyekaa humo miezi sita, naye akawa akiwarudisha watumishi wake Virginia kabla muda huo haujatimia. Msichana mmoja, Ona Judge, alitoroka mwaka 1796, na Rais akajaribu kumrudisha asifaulu. Hatuoni njia ya kuyatetea haya, wala hatutaitafuta.

Yaonekana hata hivyo kwamba dhamiri ilikuwa ikimsumbua. Mwezi wa Julai 1799 aliandika wosia kwamba watumwa wake 123 waachwe huru mkewe atakapokufa, wazee watunzwe, na watoto yatima wafundishwe kusoma na kazi ya mikono. Mmoja tu, William Lee, aliyekuwa naye bega kwa bega vita vyote, alipewa uhuru wake mara moja pamoja na dola 30 kila mwaka. Washington alikufa tarehe 14 Desemba 1799 kwa ugonjwa wa koo, baada ya waganga kumtoa damu nyingi mno. Martha hakungoja kufa. Aliwaacha huru tarehe 1 Januari 1801. Wale wa urithi wa mume wake wa kwanza walibaki utumwani, wakagawanywa kwa wajukuu wake, na ndoa nyingi zikatenganishwa.

Mmoja hakuungoja wosia. Harry, mzaliwa wa Afrika Magharibi, alikuwa mtunza farasi wa Mount Vernon. Mwaka 1776 alikimbilia kwa Waingereza, na walipoondoka New York alipelekwa Nova Scotia akiwa huru, akijiita Harry Washington. Mwaka 1792 alivuka bahari tena pamoja na Weusi wenzake karibu 1,200, wakarudi Afrika na kujenga Freetown. Huko Kampuni ya Kiingereza iliyotawala iliwatoza kodi ya ardhi ambayo wao walisema hawakuikubali. Mwaka 1800, bwana wake wa zamani akiwa amezikwa miezi michache tu, Harry alikuwa miongoni mwa walioasi kwa sababu hiyo. Akahukumiwa na kuhamishiwa ng'ambo ya mto, pwani ya Bullom.