Mzee Kinyala Lauwo na Daftari Lisiloandikwa



Kila Desemba watani wetu hutucheka kwamba tunakwenda kuhesabiwa. Tunapopakia mizigo kwenye basi, wapangaji wenzetu wa Tandika na majirani wa Tegeta hututania kwamba asiyefika Krismasi jina lake litakatwa. Sisi hucheka nao, kwa sababu utani huo una ukweli ndani yake. Kwetu mtu huhesabiwa kwa kufika, kukaa kihambani na kuonekana na wazee. Mwaka huu, kama ilivyo desturi ya kijitabu chetu, tunamkumbuka mtu wa nyumbani ambaye maisha yake yalitumika mlimani na ambaye alikuja kuhesabiwa akiwa mzee sana. Huyo ni Mzee Yohani Kinyala Lauwo.

Tumemchagua kwa sababu ya vijana wetu. Katika vikao vya mwaka huu baadhi yao walisema wanataka kupanda Kibo, kila mmoja peke yake, na begi mgongoni, bila mtu wa kumwongoza wala wa kumbebea. Tuliwaeleza kwanza kwamba kanuni za hifadhi haziruhusu jambo hilo. Kila anayepanda lazima awe na mwongozaji mwenye kibali. Kisha tukaona ni vema tuwaeleze zaidi, kwamba mlima huu haukupandwa na mtu peke yake hata siku ile ya kwanza inayotajwa vitabuni.

Watu wa nje walianza kuuandika mlima wetu tarehe 11 Mei 1848, siku ambayo mmisionari Johannes Rebmann, akitokea Rabai, aliona theluji juu ya Kibo. Ulaya kulikuwa na wataalamu waliobisha kwa miaka mingi, wakidai theluji haiwezi kukaa karibu na Ikweta. Babu zetu hawakuwa na ubishi huo, maana weupe ule waliuona kila asubuhi mawingu yalipofunguka. Baadaye wakaja wa kujaribu kupanda. Von der Decken alijaribu mwaka 1861 na 1862, Teleki akajaribu mwaka 1887, na wote wakarudi kabla ya kufika kileleni.

Mwaka huohuo wa 1887 alikuja Hans Meyer, Mjerumani wa Leipzig kutoka familia ya wachapishaji wa vitabu. Barafu ilimzuia. Mwaka 1888 alirudi, lakini akanaswa katika vita vya Bushiri huko pwani, akafungwa minyororo na kuachiwa baada ya kulipa fedha. Mwaka 1889 akaja mara ya tatu pamoja na Ludwig Purtscheller, Mwaustria aliyekuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo na mzoefu wa milima ya Alps. Walifikia kwetu Marangu, kwa Mangi Marealle, na hapo ndipo walipoandaa safari.

Tarehe 3 Oktoba walifika ukingo wa shimo la Kibo wakiwa wamechoka, wakashuka. Tarehe 6 Oktoba 1889 walipanda tena na kufika mahali pa juu kabisa, pale tunapopaita leo kilele cha Uhuru, mita 5,895. Siku hiyo Purtscheller alikuwa anatimiza miaka 40. Kilele wakakipa jina la mfalme wa Ujerumani.

Vitabu vingi huishia hapo: watu wawili walipanda Kilimanjaro. Sisi tunaofanya kazi ya uhasibu tumezoea kutazama upande wa pili wa daftari. Watu hao walikaa mahali pa juu kwa zaidi ya wiki mbili. Kuna waliopandisha chakula na kuni kutoka kambi ya chini, wakashuka na kupanda tena. Mtu mmoja wa Pangani, Muini Amani, alibaki nao kwenye kambi ya juu, akaitunza na kuwapikia katika baridi ambayo mtu wa pwani hakuwahi kuijua. Wapagazi walikuwepo, na waliojua njia za msituni walikuwepo. Bila hao kambi ya juu isingekuwepo, na bila kambi ya juu kilele kisingefikiwa. Hata hivyo, ukiuliza leo Marangu majina yao, wengi hutapata wa kukutajia.

Katika pengo hilo ndipo lilipoingia jina la Kinyala Lauwo.

Masimulizi ya kwetu yanasema alikuwa kijana mrefu wa ukoo wa Lauwo, ukoo uliouzoea msitu kwa asali, mbao, dawa na uwindaji. Inasimuliwa kwamba alikwepa kazi ya kulazimishwa ya kutengeneza barabara, akakamatwa na kupelekwa mbele ya Mangi Marealle. Siku hizo mgeni alikuwa anatafuta mtu wa kumwonyesha njia. Washauri wa Mangi walipomwona kijana anayeujua msitu, wakamtoa yeye. Hivyo, kwa masimulizi hayo, adhabu ikageuka kazi, na kazi hiyo akaifanya kwa miaka mingi ya maisha yake.

Ikapita karne. Mwaka 1989, katika kuadhimisha miaka 100 ya kufikiwa kilele, kamati ya sherehe iliamua kwamba Waafrika waliokuwa kwenye msafara ule nao watambuliwe, wapewe vyeti vya heshima ingawa wamekwisha kufa. Katika kutafuta kumbukumbu, ikaonekana kwamba huenda mmoja wao bado yu hai, naye ni Mzee Kinyala wa Marangu. Wakamwendea na kumhoji.

Mzee hakujua umri wake, wala hakuwakumbuka Meyer na Purtscheller. Alichokumbuka ni safari moja iliyokuwa na daktari Mholanzi aliyeishi karibu na mlima, na kwamba yeye alipanda bila viatu. Alieleza pia kuwa alikuwa amepanda mara tatu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Kamati ikaridhika kwamba alikuwemo katika msafara wa 1889, na kwa hiyo alizaliwa mwaka 1871 hivi. Akaheshimiwa, akapewa nyumba huko Ashira, na jina lake likaenea duniani. Alifariki tarehe 10 Mei 1996. Kwa hesabu ya kamati alikuwa na miaka kama 125.

Ndugu zetu, hapa tuseme kweli, maana kijitabu kinachoomba fedha kikianza kwa kuficha jambo, nani atakiamini kwenye mapato na matumizi? Hesabu ya Mzee Kinyala ina maswali. Mtu aliyeishi miaka mingi kuliko wote duniani kwa hati zilizothibitishwa ni Jeanne Calment wa Ufaransa, aliyefariki mwaka 1997 akiwa na miaka 122. Kama Mzee wetu alifikisha 125, alimpita, na hakuna cheti cha kuzaliwa cha kuonyesha hivyo. Lile simulizi la barabara nalo lina tatizo la tarehe. Wajerumani waliweka kituo chao Marangu mwaka 1891, chini ya Carl Peters, yaani miaka miwili baada ya Meyer kufika kileleni. Kazi ya barabara za Wajerumani inaafiki zaidi miaka iliyofuata. Meyer mwenyewe alirudi Kilimanjaro mwaka 1898, na wapandaji wengine waliendelea kuja hadi vita vilipoanza mwaka 1914. Tukikadiria, kwa mfano tu, kwamba Mzee alianza kupanda mwaka 1912 akiwa na miaka 18, basi alifariki akiwa na miaka 102. Huo nao ni umri wa kushukuru Mungu.

Tunajua wapo watakaoudhika tukisema hivi. Tulipolijadili jambo hili katika kuandaa kijitabu, hata sisi hatukukubaliana mara moja. Wapo waliosema anayemtilia shaka Kinyala anamnyang'anya Mwafrika nafasi yake na kumrudishia Meyer mlima wote. Hoja hiyo ni nzito na hatuipuuzi. Lakini mhasibu yeyote atakwambia kwamba matumizi yasiyo na stakabadhi hayamaanishi fedha haikutumika. Yanamaanisha hakuna anayeweza kuyatilia saini. Waafrika waliomfikisha Meyer juu walikuwepo. Hilo halina shaka hata kidogo. Tunachokosa ni karatasi ya kutuambia kila mmoja alikuwa nani. Mwaka 1989 deni la watu wengi wasio na majina lililipwa kwa mzee mmoja aliyekuwa hai. Alilipokea kwa niaba yao, na sisi tunaona alistahili kulipokea.

Alistahili kwa sababu lililo wazi kuhusu maisha yake linatosha. Kwa miongo mingi alikuwa mtu wa mlima. Alianza wakati ambapo mwongozaji alipanda pekupeku, kabla ya vibanda kujulikana kwa majina ya Mandara na Horombo. Kutoka Marangu aliingia msituni kwenye matope na mizizi, akatokea kwenye nyasi na vichaka, akavuka uwanda mkavu kati ya Mawenzi na Kibo, kisha usiku akaanza kupanda changarawe inayorudisha mguu nyuma kila hatua. Aliye nyuma yake alitegemea macho yake na uamuzi wake. Mwongozaji ndiye anayejua mgeni yupi amechoka tu na yupi ameshikwa na ugonjwa wa mwinuko na lazima ashushwe usiku huohuo. Ujuzi wa namna hiyo haukupatikana darasani enzi zile. Ulipokewa kutoka kwa waliotangulia na kurithishwa kwa vijana, na ndio uliosomesha watoto wengi wa Marangu, wakiwemo baadhi yetu tuliokaa leo maofisini.

Langoni Marangu kuna kumbukumbu ya Meyer, na wenyeji nao wamewekewa ya kwao. Mtoto wa shule anaweza kusimama pale akasoma jina la Kinyala. Hilo ni jambo jema. Lakini upande huohuo wa lango, kila asubuhi, vijana wetu wanapanga mstari mizigo ipimwe kabla ya kuipandisha. Hao ndio tunaowaita wagumu. Uzito wa mzigo, kilo 20, unaandikwa vizuri. Je, baada ya miaka 100, atakayetafuta nani aliubeba mzigo huo atayapata majina yao nyumbani?

Tusiwanyoshee wengine kidole. Chama chetu wenyewe kimepoteza daftari lake la kwanza la michango. Lilikuwa daftari la kawaida la mistari, likahifadhiwa nyumbani kwa mmoja wetu, na katika kuhamahama kwa upangaji wa jiji hili likapotea. Ndani yake kulikuwa na wazee wetu waliochanga shilingi zao kutoka kwenye genge, cherehani na ujira wa bandarini, ili nyumbani papatikane bati na saruji. Darasa lipo na watoto wanasoma, lakini majina ya waliolijenga tunayakumbuka nusu nusu, na kila msiba unaondoka na sehemu yake.

Kwa hiyo mradi wa harambee ya mwaka huu una sehemu mbili. Ya kwanza ni kukamilisha chumba cha maktaba nyumbani, rafu, meza na madirisha. Ya pili ni daftari la kumbukumbu litakalokaa humo. Vijana waliomaliza kidato cha nne watapita kwenye vihamba, wakiongozwa na walimu wastaafu, kuwahoji waongozaji wazee, wagumu wa zamani, wapishi wa mlimani na wajane wao. Wataandika jina, ukoo, miaka ya kazi, na jambo lililokumbukwa. Pale mzee asipojua mwaka, wataandika kwamba hajui. Hatutamwongezea miaka mtu wala hatutampunguzia.

Fomu ya ahadi iko katikati ya kijitabu hiki. Anayeweza kingi alete kingi, mwenye kidogo asione haya, na kijana aliyetaka kupanda Kibo peke yake tunamwomba achangie siku moja ya posho yake na siku tatu za likizo yake ya Desemba kusaidia kuandika. Akimaliza, apande mlima pamoja na mwongozaji wa kwetu na amwulize jina la baba yake na la babu yake.

Kila mchango utakatiwa stakabadhi, uwe mkubwa au mdogo, na jina la mchangiaji litaandikwa kwa ukamilifu katika daftari jipya, ambalo safari hii litakuwa na nakala mbili. Tukutane nyumbani Desemba, tukahesabiwe.