Fundi Mmoja, Magitaa ya Bei Mbili

Wengi wetu tunaopiga gitaa hapa chuoni tunawajua wapigaji. Mtaje Mbaraka Mwinshehe, mtaje Franco, mtaje Jean-Bosco Mwenda, utapata mtu wa kukusimulia mpaka usiku wa manane. Lakini uliza jina la fundi mmoja tu aliyetengeneza chombo chenyewe, watu wanaanza kutazamana. Leo namleta fundi mmoja, Mhispania aliyeitwa Antonio de Torres, aliyefariki mwaka 1892. Lile gitaa la nyuzi za nailoni linalozunguka hosteli, liwe la bei chee au la bei ya kutisha, umbo lake kwa sehemu kubwa limetoka kwake.

Ila mimi hakunivuta kwa umbo la gitaa. Alinivuta kwa hesabu zake. Jamaa huyu alitengeneza magitaa ya matajiri na magitaa ya wachovu kwenye meza moja, kwa mikono ileile, na maisha yake yanajibu swali ambalo sisi tunaokaribia kuingia kazini hatuliulizi sana: ukimuuzia mtu mwenye hela ndogo, unapunguza nini?

Swali hilo kwangu lina mizizi ya nyumbani. Natokea Mahurunga, Mtwara, upande wa Ruvuma, ambako Msumbiji ni ng'ambo ya mto tu. Mikoa yetu ya kusini ndiyo nchi ya mpingo. Mti huo huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia ukubwa wa kuvunwa, na kiini chake ni kizito mpaka kinazama majini. Wamakonde wanachonga vinyago kwa mpingo, na Ulaya wanautengenezea klarineti na obo. Mafundi wa magitaa ya bei ya juu nao wanautaka kwa ajili ya mgongo na mbavu za gitaa. Sasa tazama kijana wa kwetu anayejifunza gitaa: la kwake ni la plaiwudi, limekuja kwa meli kutoka mbali. Mti mzuri unaondoka, gitaa la bei rahisi linaingia. Ndiyo maana niliposoma habari za Torres sikuweza kuzipita hivihivi.

Alizaliwa tarehe 13 Juni 1817 katika kijiji cha La Cañada de San Urbano, nje kidogo ya mji wa Almería, kusini mwa Hispania. Naye alikuwa mtu wa kusini, wa pwani, wa mkoa usio na hela. Akiwa na miaka 12 alipelekwa kujifunza useremala. Vita ya kugombea kiti cha ufalme ilipoanza mwaka 1833, vijana wasio na wake wakawa wanakusanywa kwenda jeshini. Familia yake ikahangaika kumtoa, na mwaka 1835 akaozwa haraka haraka. Walipata watoto watatu, wawili wakafariki wangali wadogo. Mwaka 1845 mkewe naye akafa kwa kifua kikuu, hata miaka 25 hajafika. Torres akabaki mjane mwenye madeni, akaenda kutafuta maisha katika jiji la Sevilla.

Huko Sevilla ndiko useremala ulikogeuka kuwa ufundi wa magitaa. Katika miaka ya 1850 mpigaji maarufu wa enzi hizo, Julián Arcas, alimshauri ajikite katika gitaa, naye akajikita kweli. Alipanua kiwiliwili cha gitaa. Uso wake, yaani ule ubao wa mbele wenye tundu, aliufanya mwembamba na mwepesi, kisha ndani yake akaubandikia vijiti vilivyopangwa kama feni iliyokunjuliwa. Vijiti hivyo hakuvibuni yeye, mafundi wa kabla yake walikwisha vitumia. Yeye alivipa mpangilio na uwiano ambao mafundi wa leo bado wanaufuata. Mwaka 1858 alipeleka gitaa lenye mapambo mengi kwenye maonyesho ya Sevilla, akarudi na medali ya shaba.

Hapo ungetegemea astarehe na kuwauzia wakubwa tu. Haikuwa hivyo. Wakubwa wa kununua magitaa ya nakshi walikuwa wachache, na wapigaji wengi wa Hispania ya kusini walikuwa watu wa vilabuni na wa mtaani. Kwa hiyo Torres akaendelea na bei mbili. Gitaa la juu lilikuwa na mgongo na mbavu za mbao ya gharama, kama ile iliyotoka Brazili. Mti huo wa Brazili ni ndugu wa mpingo wetu, wote ni wa jenasi ya Dalbergia. Gitaa la chini lilitengenezwa kwa saipresi, mti unaoota hapohapo Hispania na usiohitaji meli. Mapambo yalipungua. Hata vijiti vya ndani, kwenye baadhi ya magitaa ya chini, vilikuwa vichache zaidi. Lakini uso aliuchagua na kuuchonga mwenyewe, kwa kuupima kwa vidole, kama alivyofanya kwenye gitaa la tajiri.

Kwa nini uso? Mwaka 1862 alilijibu swali hili kwa namna ambayo mpaka leo inachekesha na kufundisha. Alitengeneza gitaa ambalo mgongo na mbavu zake ni za kadibodi. Ndiyo, karatasi ngumu. Uso tu ndio alioufanya wa mbao nzuri. Alitaka kuonyesha kwamba sauti ya gitaa huzaliwa hasa kwenye uso, na kwamba mbao ya gharama ya nyuma, pamoja na uzuri wake wote, haiwezi kuokoa uso mbovu. Gitaa hilo lipo hadi leo kwenye jumba la makumbusho ya muziki mjini Barcelona.

Kwangu mimi kadibodi ile ndiyo kiini cha habari yote. Torres alikuwa ameshajua sauti inatoka wapi. Mtu anayejua hilo anajua pia pa kubana matumizi bila kumdhulumu mteja. Asiyejua, au anayejua na hajali, anabana popote.

Mwaka 1869 alikuja dukani kwake kijana ambaye hajafikisha hata miaka 20, Francisco Tárrega, akitaka gitaa. Torres akampa mojawapo ya yale ya bei rahisi yaliyokuwapo. Kijana akapiga. Fundi aliposikia, akaingia ndani akatoka na gitaa jingine, alilokuwa amelitengeneza mwaka 1864 kwa ajili yake mwenyewe. Tárrega akaondoka na hilo, akalipiga miaka mingi, na ndiye aliyekuja kuwa mwalimu mkubwa wa gitaa la Hispania. Habari hii husimuliwa kama sifa kwa Tárrega. Mimi nairudia kwa sababu nyingine: lile gitaa la bei rahisi lilitosha kumwonyesha fundi kwamba mbele yake kuna kipaji. Lingekuwa limeharibiwa makusudi kwa kuwa ni la wachovu, pengine kijana yule angetoka mlangoni bila kusikika.

Tusimpake Torres mafuta, maana biashara haikumwendea vizuri. Mwaka 1868 alikuwa ameoa tena, na mnamo mwaka 1870 alifunga duka la Sevilla akarudi Almería. Unajua alifungua nini? Duka la vyombo vya udongo na bilauri. Fundi mkubwa kuliko wote wa zama zake, nyuma ya kaunta anauza sahani! Magitaa aliyarudia kidogokidogo mnamo mwaka 1875. Mkewe alipofariki mwaka 1883 akaongeza kasi, akawa anatoa kama magitaa 12 kwa mwaka, mpaka kifo kilipomchukua mwezi Novemba 1892, akiwa na miaka 75. Kwa hiyo asitokee mtu akasema uaminifu ulimtajirisha. Haukumtajirisha.

Lakini angalia kilichotokea kwa yale magitaa ya saipresi. Wapiga flamenko waliyazoea kwa sababu ndiyo waliyoweza kuyanunua, wakaipenda sauti yake kavu, inayotoka haraka. Leo gitaa la flamenko la saipresi ni chombo cha heshima chenye soko lake, na mengine yana bei ya kukutoa jasho. Bidhaa ya mnyonge ilitengenezwa vizuri kiasi kwamba ikaja kuwa na hadhi yake yenyewe.

Sasa turudi kwetu. Kwenye masoko ya vinyago vipo vya mpingo wa kweli, na vipo vya mti mweupe uliopakwa kiwi ya viatu ukauzwa kwa jina la mpingo. Kinyago cha mti mweupe si dhambi. Kiuze kwa jina lake na bei yake, kichonge vizuri, mtu atakipeleka nyumbani kwa furaha. Kosa ni ile kiwi. Mjomba wangu kijijini ni seremala, anatengeneza vitanda vya mninga na vitanda vya mwembe. Cha mwembe ni nafuu sana, na anamwambia mteja wazi kwamba huo ni mwembe, aupake dawa wadudu wasiutafune. Lakini viungo anavikata vilevile kwenye vitanda vyote viwili, kwa sababu kitanda kinavunjikia kwenye kiungo, hakivunjikii kwenye jina la mti.

Wengi wetu tunaosoma ukurasa huu tutakwenda kuwahudumia watu wa bei ya chini. Walimu watapangiwa shule za kata, sio zile zenye mabasi ya njano. Wa afya watapelekwa kwenye zahanati yenye kitanda kimoja. Wahandisi watapewa daraja la kijiji lenye bajeti ya mashaka. Huko kutakuwa na mengi ya kupunguza, na mengine itabidi yapunguzwe kweli: rangi, viti, karatasi, vioo. Hakuna ubaya. Ila kila kazi ina uso wake, mahali pale sauti inapozaliwa. Kwa mwalimu ni ile saa moja ya kuandaa somo kabla hajaingia darasani. Kwa mganga ni kumsikiliza mgonjwa mpaka amalize. Kwa mhandisi ni nondo ambazo zege likishamwagwa hakuna atakayeziona tena. Hapo mtoto wa Mahurunga na mtoto wa Masaki wapewe kipimo kimoja. Mgongo wa kadibodi tutauvumilia.