Franklin: Kijana aliyekatiziwa shule akaionyesha radi njia ya ardhini

Ushawahi kupigwa shoti na kitu ambacho hakikufaa kuwa na stima? Mimi ilinipata Thika, kwa jamaa aliyenunua mashine kuukuu ya pinball, ule mchezo wa kugonga mpira wa chuma usianguke shimoni. Niligusa mlango wa kuweka sarafu, mkono ukaruka wenyewe. Fundi alipoifungua alikuta plagi ya pini mbili, na ndani utepe wa shaba unaounganisha miguu na mlango umekatika. Stima iliyovuja haikuwa na njia ya kwenda ardhini, ikapitia kwangu.

Aliyeieneza hiyo hesabu ya kwenda ardhini ni Benjamin Franklin. Alizaliwa Boston, Marekani, 17 Januari 1706, mtoto wa mtengeneza mishumaa na sabuni. Pesa zilikuwa chache, shule ikaisha akiwa na miaka 10. Akiwa na 12 alipelekwa kwa kaka yake James kujifunza uchapaji. James alikuwa mkali, tena wa kupiga. Mwaka wa 1723 Franklin akahepa hadi Philadelphia. Huko alianzisha kazi yake ya kuchapa, akaomoka, na 1748 akaiacha biashara akiwa na miaka 42 ili achimbe mambo ya umeme.

Mwaka wa 1752 yeye na mwanawe William walirusha tiara kwenye mawingu ya mvua. Ufunguo uliofungwa kwenye uzi ukatoa cheche. Radi yenyewe haikuipiga hiyo tiara, la sivyo hadithi ingeishia hapo. Alichonasa ni chaji ya mawingu, na ikatosha kuonyesha kwamba radi ni umeme. Akashauri watu waweke fimbo ya chuma juu ya nyumba, waya ushuke hadi ndani ya udongo. Hakuchukua hataza, kila mtu akaitumia bure. Mwaka uliofuata, mwanasayansi Georg Wilhelm Richmann aliuawa na radi huko St. Petersburg. Fimbo yake ya utafiti haikuwa imeunganishwa na ardhi.

Tusimfanye malaika. Alimiliki watumwa miaka mingi, na gazeti lake lilichapisha matangazo ya kuuza watu. Uzeeni aligeuka, akaongoza chama cha kupinga utumwa na kupeleka ombi bungeni mwaka wa 1790. Alikufa 17 Aprili mwaka huohuo, akiwa na miaka 84.

Mimi pia niliacha chuo, lakini sijidanganyi: Franklin alikosa darasa, hakuacha kusoma wala kupima. Fundi wa Thika alifanya vivyo hivyo. Aliweka kebo ya waya tatu, akaunga utepe, kisha akapima kutoka pini ya ardhi hadi kila chuma cha mashine. Mita ikasoma karibu sufuri. Hapo ndipo akaturuhusu kucheza.

Niliporudi Ruiru nilimwita apime soketi za kwangu. Tundu la tatu lipo, waya nyuma yake hakuna. Wewe yako ushaipimisha?